Udongo Uliopikwa

Kaka yangu Kavoi ana moyo mzuri, na moyo huo ndio unaoniudhi. Anauza miche kando ya barabara hapa Kabiro, Kawangware, na kabla ya kupanda hupika udongo kwa mvuke ndani ya pipa ili magonjwa yafe. Wenzake wote wa kazi hiyo hufanya hivyo.

Malisho yetu kule Kitui yalipouzwa kwa wachimbaji wa mawe, mama yetu, tunayemwita Mwaitu kwa Kikamba, aliomba kitu kimoja tu: aone nyasi za kwao zikichanua kabla hajafa. Alikuwa amelala chumbani kwangu, miguu imekataa. Kavoi akaenda, akarudi na gunia la udongo na mbegu za kila nyasi aliyoikuta: mbeetwa, kilili, na nyingine nisizozijua majina. Akazipanda kwenye karai, akaliweka mlangoni.

Zilichipua zote, nikafurahi mno. Kisha zikaanza kugeuka manjano, moja baada ya nyingine, zikanyauka huku tukizimwagilia. Ikabaki sangari peke yake, gugu lile linaloota hata kwenye mitaro yetu, ikajaza karai zima.

Nilimwita Lavender, jirani anayesomea kilimo. Akachokora udongo kwa kijiko, akauliza tumeufanya nini.

"Niliupika poa," Kavoi akasema kwa fahari. "Nyasi za Mwaitu zisishikwe na ugonjwa."

"Aki Kavoi! Hiyo udongo ilikuwa na kuvu, nyuzi ndogo hata huwezi ona. Ndizo huletea mizizi maji na chakula. Hizo nyasi zako zimekufa njaa. Sangari haijali, ndio maana imemeza karai yote."

Kavoi alirudi Kitui kutafuta hata konzi moja ya udongo. Alikuta shimo. Udongo wote wa juu ulikuwa umekwanguliwa na kubebwa na malori.

Nilimgombeza hadi sauti ikakauka. Nilitaka aumie kama nilivyoumia. Mama akatusikia, akaomba karai kitandani. Akaipapasa sangari polepole, jani kwa jani. Huyu alichunga mbuzi kwenye malisho yale tangu utotoni. Angezitambua nyasi zake hata amefumba macho.

"Kavoi," akasema, "mbeetwa yetu imemea vizuri. Asante, mwanangu."

Kavoi akafungua mdomo aseme ukweli. Nikamkanyaga mguu.

"Ndiyo, Mwaitu," nikasema huku nikilia. "Imemea."