Ukili wa Bi Nasima

Jumatatu saa mbili asubuhi, Mwatima alikuwa barazani kwake Kigombe akishona mkeka, sindano ikamchoma kidole. Tone la damu likaangukia ukili, ule utepe wa miyaa iliyosukwa. Ukili ukajiinua, ukajikunja mara mbili, ukapitisha ncha yake katika kitanzi, ukatulia. Mwatima akafyonza kidole, akaukunjua. Ukajikunja vilevile.

Mkeka huo ulikuwa wa harusi ya kaka yake, Amour, na una miaka tisa haujaisha. Ukili wake aliusuka mama yao, Bi Nasima, katika miezi minne ya mwisho, alipokuwa hapati usingizi kabisa, mchana wala usiku, mpaka akafa. Babu yao alikufa hivyohivyo. Watafiti wa ugonjwa huo wakaja, wakachukua damu ya Mwatima na Amour, wakasema, "Subirini hapahapa, tutawaletea majibu." Wakasubiri. Mgeni aliyeahidi kurudi, kumfuata kwake ni kumfanya mwongo. Amour akamwachia mchumba wake, Mwanahawa wa Pangani, aolewe kwingine. Hakutaka kumzalisha watoto wa kuja kukesha mpaka kufa.

Kristina, muuguzi wa zahanati, alikuwa akipita kwenda kazini.

"Shikamoo, da Mwatima. Mbona ukili wako umejikunja kama uzi wa RNA?"

"Marahaba. Ndiyo kitu gani?"

"Nakala ya jeni. Hii ni ya prioni, ile protini ambayo ikiharibika inakula ubongo, mtu asilale tena. Nilisoma chuoni. Wenye damu ya mama uko wapi?"

Bunda la ukili alioacha Bi Nasima lilikuwa na doa la damu yake ya zamani. Hapo ukili ulikuwa umejikunja kombo, kitanzi wazi. Miaka yote walidhani ni mkono wa mgonjwa.

Amour akaitwa, akachomwa kidole. Ukili wake ukajifunga sawasawa na wa dada yake. Mwatima akalia kwa furaha, akamshukuru Mungu, akamshukuru Kristina, akaishukuru na sindano.

Kristina akapiga simu ofisini kwa watafiti. Sauti ya upole ikajibu kwamba majibu yapo tangu mwaka uleule, wote wawili wazima, ila utaratibu ni mwenye damu kuyafuata. Ikawatakia siku njema.

"Alhamdulillahi," alisema Amour. Akafuta damu kidoleni. "Mwanahawa ana watoto wangapi sasa?"

"Wanne," alisema Mwatima.

"Mungu amkuzie."

Amour akajinyoosha juu ya mkeka, akalala fofofo mpaka adhuhuri. Mwatima akaendelea kushona upande ambao kaka yake hakuulalia.