Mtindo wa Bendi ya Kinanda Tupu

Usiku wa jana niliota lori limeshaondoka Kimara, na mimi niko juu ya magunia ya chumvi, nimepakata bango la bendi. Mwaka ni 1988, lakini magoti yangu ni ya sasa. Yanauma.

"Athanasi," bango likaniambia, "hujamaliza kuniandika."

Nikalitazama. Ni mwandiko wangu, rangi nyekundu: BENDI YA KINANDA TUPU, JUMAMOSI, KIMARA, SAA NANE MCHANA. Chini yake neno MTINDO, halafu nukta mbili, halafu hakuna kitu.

"Nitakumalizia tukifika Tunduma."

"Dansi liko Kimara. Huko Tunduma atanisoma nani?"

Kwa wasiozikuta siku zile, niseme. Bendi ilikuwa na jina na mtindo. Jina ni la kuandika mlangoni, mtindo ni wa kuchezea. Mtu hajaambiwa mtindo, haingii kati, atacheza nini? Na Kinanda Tupu walikuwa watu wawili: Sikudhani Mbonde, mpigaji, na fundi Kasitu, aliyekiunda kinanda chenyewe kwa matumbo ya redio mbovu na sanduku la sabuni. Hawakuwa na gitaa wala ngoma, kila sauti ilitoka kwenye vibonye. Majirani walilalamika mpaka wakahamishia mazoezi ndani ya shimo la choo, lilikuwa bado halijaanza kutumika. Mimi nilipewa kazi moja tu, kutunga jina la mtindo na kuliandika kwenye bango, kwa kuwa mwandiko nilikuwa nao. Siku mbili kabla ya dansi nikaona lori linaelekea Tunduma, nikapanda. Ndivyo nilivyokuwa.

"Tushuke," bango linasema.

Nikashuka. Lori halikusimama, ila hapo chini palikuwa na ngazi, na ngazi zilikuwa za lile shimo.

Zamani lilikuwa la futi kumi. Sasa nashuka mpaka masikio yanaziba. Huko chini kuna jua kali, na juu ya bati zimeanikwa betri nane, kama tulivyokuwa tukizianika ili zirudishe nguvu. Saba zimelala fofofo. Ya nane ikafungua jicho moja.

"Nigeuze," ikasema. "Upande huu nimeiva."

Nikaigeuza. "Umebakiza kiasi gani?"

"Wimbo mmoja. Na nusu yake umeshapigwa."

Kando ya bati pana ukumbi wa dansi, nikaingia. Watu kama mia tatu wamesimama, wamekunja mikono. Buibui amefunga utando kutoka bega la mmoja hadi sikio la mwenzake. Bwana mmoja mwenye suruali ya bugaluu, pana miguuni, ameshika chupa ya soda, gesi yake imeisha siku nyingi.

"Mnasubiri nini?" nikamuuliza.

"Kuambiwa mtindo."

"Tangu lini?"

"Jumamosi."

Sikudhani yuko mbele, anapiga kinanda. Hakuacha kupiga aliponiona.

"Kaka Athanasi. Umekuja."

"Nimechelewa kidogo."

"Miaka thelathini na saba."

"Lori liliharibika."

"Liliharibika lori au uliharibika wewe?" akauliza fundi Kasitu. Alikuwa uvunguni mwa kinanda, ameng'ata waya mmoja kwa meno ili usichomoke. Watu wakacheka kwa adabu, bila kukunjua mikono.

Kinanda kilikuwa kinasema kwa sauti ya kibonye kilichobonyezwa. Sikudhani akabonyeza filimbi.

"Karibu, mzee wangu," kikasema, taratibu.

Akabonyeza tarumbeta.

"Ndiye huyu aliyetukimbia? Mbona mfupi?"

"Kiache," Sikudhani akaniambia, "nisikilize mimi. Betri ikizimika, hawa wanarudi kwao. Wakiulizwa, watasema walikwenda mahali wakasimama, wakarudi. Wimbo huu niliutunga mwenyewe, na sijaona hata mtu mmoja akiucheza. Taja mtindo."

Nikafikiri haraka. "Tikisa Ukuta," nikasema.

Ukuta ukatikisika. Udongo ukaporomoka, mwingine ukaingia kwenye soda ya yule bwana. Akautazama, akaendelea kusubiri.

"Ruka Juu."

Wote mia tatu wakaruka, wakabaki juu. Ilibidi fundi Kasitu atoke uvunguni awavute mmoja mmoja kwa pindo la suruali na la gauni, na waya wake bado ameung'ata.

"Huku napiga miayo," betri ikaita kutoka kwenye bati.

"Acha kutunga," Kasitu akaniambia. "Cheza wewe mwenyewe. Tutauita kwa namna unavyocheza."

Nikacheza. Miguu yangu naijua, nayo inanijua. Hatua tatu tu, niko kwenye ngazi.

"Unakwenda wapi?" Sikudhani akauliza.

"Nacheza."

"Hata kucheza kwako ni kuondoka? Rudi hapa."

Sasa kurudi. Upande huo miguu haikuuzoea, ikagoma. Nikapinda goti, nikatupa bega, nikaizungusha kama mtu anayegeuza mkokoteni kwenye uchochoro. Ikakubali. Hatua tatu mpaka mbele ya Sikudhani. Halafu ikataka kwenda tena, nikaiacha iende, nikapinda goti, nikairudisha.

Yule bwana wa bugaluu alikuwa ananitazama miguuni. Akaweka chupa chini.

"Hiyo naiweza," akasema.

Sikudhani akainua vidole. Hakuna kibonye kilichobonyezwa, na kinanda kikasema kwa sauti yake chenyewe, nzito, kama redio ambayo haijapata moto:

"Naenda Narudi."

"Basi ni huo," akasema Sikudhani, akashusha vidole.

Watu mia tatu wanakunjua mikono. Buibui anahamia darini. Wanakwenda, wanapinda goti, wanarudi. Mara ya kwanza tulifika kwenye ngazi. Mara ya pili tulifika Chalinze, tukarudi kila mtu na nanasi lake. Fundi Kasitu akayamenya kwa bisibisi. Sikudhani anakula kwa mkono mmoja, kwa mwingine anapiga, maji ya nanasi yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko, na macho yake yako kwa watu. Hakuyatoa huko mpaka betri ya nane iliposema, "Asanteni, mimi basi," ikalala, na wimbo ukaisha pale pale ulipotakiwa kuisha.

Nikaamka. Niko gesti, Makambako, baridi ya asubuhi imeingia kwa chini ya mlango.

Namba ya simu ya Sikudhani nilipewa na dereva mmoja mstaafu pale Iringa, yapata miaka miwili sasa. Sikuwahi kuipiga. Ningeanza na neno gani? Leo nikapiga.

"Halo. Nani mwenzangu?"

"Athanasi. Wa bango."

Nikasikia anakunywa maji.

"Ongea wewe, kaka," akasema. "Mimi nimeamka ulimi unawasha, kama mtu aliyekula nanasi. Na humu ndani nanasi halijaingia mwezi mzima."

Nikamtajia mtindo. Hakuuliza mtindo wa nini. Aliniuliza tu kama goti linapindwa kabla ya bega au baada.

Fundi Kasitu alifariki mwaka 2009, Morogoro, baada ya kumaliza kutengeneza redio ya jirani. Shimo lilianza kutumika, likajaa, likafukiwa; juu yake pana kibanda cha kuuza vocha. Walioenda kwenye dansi lile ni wazee, wengine wapo, wengine hawapo. Sikudhani yuko Kibamba, ana mashine ya kusaga na wajukuu watano. Kinanda kiko uvunguni mwa kitanda chake, vibonye viwili havilii. Mimi niko ndani ya basi la Dar es Salaam, limeshapita Mafinga.