Tangi la Marehemu

Mume wangu alilijenga lile tangi la kufugia matumbawe ya baharini kwa vioo vya kabati la duka la keki lililofungwa. Likavuja, akalipaka gundi upya, likavuja tena, hakukata tamaa. Matumbawe aliyapata kwa kuwabembeleza wenye matangi makubwa wampe vipande walipopunguza ya kwao. Vilikuja vidogo kama kucha, vikaota sebuleni kwetu mpaka vikagusana. Maji ya bomba alitukataza kabisa. Yana dawa, alisema. Yakiingia humu bila kuchujwa, matumbawe yote yanakufa.

Kaka yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Hohehahe anafuga bahari!" Mume wangu alipougua, huyo kaka hakutia mguu kwetu. Mazishini akalia kunishinda mimi mjane.

Leo, udongo wa kaburi haujakauka, kaja na gari la kukodi.

"Shemeji, tangi nalichukua. Ni mali ya ukoo."

Mali ya ukoo! Juzi lilikuwa kichekesho.

Sikubishana naye. Nilimsaidia kuyahamishia matumbawe kwenye ndoo, moja moja, taratibu, kama alivyonifundisha mwenyewe marehemu.

Mlangoni akageuka. "Nikifika nahitaji maji mengine ya kulijaza. Naweka yapi?"

Nikayatazama matumbawe mara ya mwisho, ya zambarau, yamejikunja ndani ya ndoo.

"Ya bomba tu, shemeji," nikamwambia. "Jaza mpaka juu."