Drafti Isiyomalizwa

Kwenye jela ya waliohukumiwa kifo, hapa Alabama, tulikuwa na mwiko mmoja: mtu akishapangiwa tarehe ya kuuawa, mchezo wake wa drafti haumalizwi. Unaachwa kabla ya mwisho, ili awe na sababu ya kurudi. Wangu uliachwa, nikapelekwa chumba cha jirani na kile chenye kitanda cha mikanda cha kuulia, mahakama ikasimamisha hukumu zikiwa zimebaki saa mbili. Niliporudi, Dorsey wa chumba cha pili akanipigia kelele ukutani, "Zamu yako, we mzimu!"

Miaka sita baadaye walipima unywele uliookotwa kwenye maiti ya mtu niliyedaiwa kumuua, ukawa si wangu. Wakanifungulia. Dorsey naye hakuua mtu, ila kesi yake haina unywele. Ina shahidi mlevi tu, na Dorsey mwenyewe ana upara. Tulimcheka sana kwa hilo.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya kuuawa, saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na nusu akapiga simu. Dada yangu Earline akaiweka mezani, kando ya sahani ya kambare wa kukaanga. Nikatandika ubao wangu wa karatasi. Drafti yetu ni ya kutajiana namba za miraba, kila mmoja na ubao wake; miaka kumi na moja tumecheza hivyo kupitia ukuta, na Dorsey hajawahi kunishinda hata mara moja.

"Cleophus, umenenepa?"

"Suruali ndiyo inayosema."

"Mimi wamenipa nguo mpya. Nimependeza bure. Haya, saba kwenda tatu. Kingi! Nivishe kofia."

Nikaitazama karatasi. Nilibaki na kete moja, kwenye kumi na nne. Popote ningeiweka, angeila.

"Mbona kimya, bingwa? Umemeza ulimi?"

"Nafikiri."

"Unafikiri nini? Umekwisha, mzee. Cheza nikumalize."

"Hatumalizi, Dorsey. Unajua."

"Cleo, mahakama imeshanikataa mara mbili leo. Wewe ulirudi, sawa. Mimi nataka kushinda mara moja tu. Nitajie namba, ndugu yangu."

"Kesho. Nitakutajia kesho."

Akacheka kile kicheko chake cha kikohozi. "Angalia mtu mwenyewe! Anakufa mwingine, anayeogopa ni yeye. Taja namba, mwoga we!"

Sikutaja. Nyuma yake askari alisema muda umekwisha. Dorsey akasema, "Basi, nisalimie Earline," simu ikakatika.

Nikakaa pale pale. Earline alipasha kambare moto, nikala, akaniuliza kama chumvi imetosha. Nikamwambia imetosha. Sikujua kama ilikuwepo.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini wakili wa Dorsey akapiga. Hakuna aliyeisimamisha hukumu. Earline akalia kwa sauti, akanishika mabega. Nilikuwa nayaona mabega yangu yakitikiswa. Nikamwambia chai yake inachemka, itamwagika.

Alipokwenda jikoni nikaisogeza kete.

"Kumi na nne kwenda kumi na nane!" nilisema, kwa ile sauti ya kupita ukutani.

"Unaniita, kaka?"

"Hapana," nikamwambia. Nikaila kete yangu kwa niaba ya Dorsey, nikaitoa ubaoni, nikakunja karatasi.