Buni Tatu Juu ya Mkeka

Kitendawili kwako unayenisikiliza: pacha wawili wamelala nyumba moja, kifua kwa kifua, ukiwatenganisha, wanawaunga watu wasiozaliwa pamoja. Umeshindwa? Ungenipa mji, lakini miji tuiache kwanza, maana ndiyo iliyomtesa Kokugonza.

Jibu ni buni, punje mbili katika ganda moja. Huku kwetu wanaume wawili wakitaka undugu, walichanjwa tumboni, kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo mke wa huyu akifika kwa yule, analishwa na kulazwa bila swali. Na siri ya ndugu haisemwi. Anayeisema, tumbo linamvimba mpaka afe.

Kokugonza wa Kaisho alizitegemea punje hizo. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu vita vya Hitler viishe, na mumewe Rwegoshora alikuwa na mwaka wa nne Buganda, alikokwenda kulima pamba. Barua hakuna, salamu hakuna. Shemeji yake Projest akatangaza mbele ya ukoo: "Ndugu yangu amekufa. Buni zikiiva tunamlilia, na kibanja chake cha migomba nakichukua mimi, maana ameacha mabinti tu."

Sasa buni zilikuwa zimeanza wekundu.

Mchana huo wa mvua, Kokugonza na rafiki yake Xaveria walikaa jikoni mkekani. Kokugonza akapanga buni tatu kavu kwa mstari.

"Hii Mbarara. Pale Murongo tunavuka mto kwa mtumbwi, mwenye mtumbwi tunampa kuku. Mbarara yuko mzee aliyekula kahawa na Rwegoshora, kulala bure. Hii Masaka, yuko mwingine. Hii Kampala, tutawaomba masista. Njiani tunatafuna ndizi kavu. Mahali popote akiwepo, namrudisha."

Xaveria akaokota buni ya katikati, akaitia mdomoni.

"We mwanamke! Umekula mji?"

"Nina njaa. Masaka tuiruke."

"Barabara inapita hapo hapo. Tutaruka kama nzige?" Kokugonza akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Shoga, kila tukipanga unaitoa hiyo hiyo. Mbona Masaka unaikwepa?"

Xaveria akainama kupuliza moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

Kokugonza akamtazama mgongo. Gaudiosus, mume wa Xaveria, alikuwa amerudi mwaka jana kutoka huko huko Buganda. Naye alikula kahawa na Rwegoshora. Lakini kila akiulizwa habari za nduguye, alishika tumbo na kuondoka.

Mlango ukaingia giza. Projest alikuwa amesimama, panga mkononi, miguu ina tope la kibanja.

"Shikamoo, shemeji," Kokugonza akasema.

"Marahaba. Nasikia mnakwenda kutembea Ulaya." Akacheka peke yake. "Nendeni. Nimeshahesabu migomba. Ukoo unakaa keshokutwa, ng'ombe wa matanga yuko njiani. Ukirudi, usipitie hapa."

Akaondoka. Keshokutwa! Mpaka Mbarara peke yake ni siku nne kwa miguu. Kokugonza akazisukuma buni zilizobaki kwa kiganja, zikaangukia majivuni. Migomba ile aliipanda mwenyewe na mimba ya binti wa kwanza. Atakwenda wapi na watoto wawili? Akajipiga kifuani, machozi yakashuka. Kisha akanyanyuka kama aliyechomwa, akachukua kikapu, akakijaza ndizi kavu.

"Unafanya nini, Koku?"

"Nakwenda."

"Keshokutwa hutakuwa umefika hata Mbarara!"

"Basi nitafia njiani kuliko kukaa nimlilie mtu ambaye sijaona kaburi lake. Kama yuko Mbarara nitamwona. Kama yuko Masaka nitamwona. Niachie kikapu!"

Xaveria hakukiachia. Walivutana mpaka mshikio ukakatika, ndizi zikamwagika miguuni mwao. Ndipo Xaveria akakaa chini kama mzigo, akaongea akiutazama mkeka.

"Masaka naikwepa kwa sababu ndiko aliko. Mzima. Ana mke, na mtoto anayetambaa. Gaudiosus alilala kwake, akaniambia alipokuwa na homa. Keshokutwa nitasimama mimi mbele ya ukoo, niseme Rwegoshora yu hai, kibanja kina mwenyewe. Na tumbo la mume wangu likivimba, Koku, nitamlilia mimi."