Nina Sukari, Nipeni Sukari

Ulimpita, wewe. Saa tano asubuhi, pale kituo cha mabasi cha Gerezani, mzee amepiga magoti kando ya baiskeli iliyopinduliwa magurudumu juu, mikono inamtetemeka, nawe ukageuza shingo kutazama mwendokasi kana kwamba basi ndilo lililokuita. Ukasema moyoni: mlevi. Mektilda naye alisema hivyohivyo, na alikuwa hatua kumi tu, nyuma ya meza yake ya kuuzia valvu na spoku za baiskeli.

Mzee huyo, Isidori, fundi cherehani wa mtaa wa Mchafukoge, si mtu wa kutoka nyumbani mikono mitupu. Chini ya tandiko alifunga kopo la maziwa ya unga: viraka, solusheni ya kuvigandishia, kipande cha msasa, vijiko viwili vya kung'olea tairi, spana. Pampu aliifunga kwenye fremu. Pancha ilipompata hakumsumbua mtu. Alitoa tyubu, akaanza kuisugua. Kilichomshinda si tairi. Asubuhi alijichoma sindano yake, akaahirisha chai ili awahi wateja, na jua la Gerezani halimsubiri mtu ale kwanza.

Kijiko kilimponyoka. Alipoinama kukiokota akakaa chini, puu, akaanza kumjibu mtu asiyekuwepo. Wabeba mizigo wakacheka. Mmoja akauliza kama siku hizi gongo inanywewa kabla ya chai.

Jasho ndilo lililomtoa Mektilda mezani. Mlevi gani hutoka jasho la namna ile, shati limelowa kama limetoka kufuliwa? Akamuuliza jina, ulimi wa mzee ukavingirika tu. Akapekua lile kopo, na chini ya viraka akakuta karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Jina, Isidori. Simu ya mkewe, Benedikta. Halafu maneno mawili kwa herufi kubwa: NINA SUKARI.

Pantaleo, muuza juisi ya miwa, alikuwa ameshachuchumaa mbele yao na glasi iliyojaa. Mektilda akamkumba mkono, nusu ya juisi ikaenda mchangani.

"Unataka kumuua? Huyu ana sukari!"

Alijua anachosema, au alidhani anajua. Miaka sita alimuuguza mama yake kwa ugonjwa huohuo, kopo la sukari akilificha juu ya kabati mpaka siku ya msiba. Nani angemfundisha yeye habari za sukari? Waliosimama wakamuunga mkono, wakarudi nyuma hatua mbili, wakamwachia jua mgonjwa wao. Kichwa cha mzee kikaanza kulala kifuani.

"Dada Mektilda," Pantaleo akasema, maana mgongo wa karatasi ulikuwa unamtazama yeye, "hebu igeuze."

*Nikitetemeka na kuongea kama mlevi, sukari imeshuka. Kama bado nameza, nipeni kitu kitamu. Upesi.*

Mektilda akaisoma. Akaichukua glasi mwenyewe, akamwegemeza mzee begani, akamnywesha funda kwa funda. Ikaja glasi ya pili. Mabasi yakapita, moja, mawili, matatu. Ndipo macho ya Isidori yakatulia, akatazama huku na huku, akauliza nani kaiacha solusheni yake wazi, itakauka.

Mektilda akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akakaa palepale vumbini. Pantaleo akatania kwamba kwa nusu glasi ile iliyomwagika, ardhi ya Gerezani nayo haitashuka sukari leo. Benedikta alipopigiwa simu na kuambiwa mumewe anakula andazi huku akigombania kiraka, alishusha pumzi ndefu hadi wabeba mizigo wakaisikia, na safari hii hakuna aliyecheka.

Sasa wewe. Pampu unayo, viraka unavyo. Ukianguka, nani atakujua? Usifunge kitabu. Chukua kalamu na karatasi. Andika jina lako, simu ya mtu wako, ugonjwa wako. Na tunachotakiwa kukufanyia kiandike upande huohuo, juu kabisa, pasipo haja ya mtu kugeuza. Karatasi itie kwenye kopo la vifaa sasa hivi, kabla hujapanda baiskeli.