Pembenne ya Mwalimu Prodanova

Radostina aliihukumu makala yangu huku mdomo umejaa banitsa, andazi la jibini.

"Ifutwe," alisema. "Nisamehe, Venelin mdogo wangu, lakini ifutwe."

Tulikuwa mkahawani, karibu na stesheni ya Ruse. Sisi wawili ndio tunaohariri kurasa za hesabu katika ensaiklopidia moja ya mtandaoni ya Kibulgaria. Makala yenyewe ilikuwa fupi tu. Ilieleza pembenne ambayo ukiikata kutoka kona hadi kona unapata pembetatu mbili, moja kubwa mara mbili ya mwenzake. Aliyeichunguza ni Nedyalka Prodanova, mwalimu wangu wa sekondari, enzi za ujana wake, na wanafunzi wake tukaipa jina lake.

"Nimeweka marejeo manne," nikamwambia.

"Yameandikwa na nani?"

"Na watu wenye akili zao."

"Wote aliwafundisha yeye. Kanuni yetu inataka rejea ya mtu asiyemjua."

"Dada, katika mji huu nani anajua jiometri na hakupita mikononi mwake? Hata wewe ulipita."

"Ndiyo maana hata mimi sihesabiki. Tena alinipa alama tatu kati ya sita, sijasahau."

"Kumbe unalipiza."

"Kunywa kahawa yako, inapoa."

Sikuinywa. Kuna kurasa nzima za wachezaji mpira waliokaa benchi maisha yao yote, hakuna anayezigusa. Mwanamke aliyefikiri jambo lake mwenyewe anadaiwa mashahidi wa kigeni. Basi nikasema nitamtafuta huyo shahidi.

Nilimpata ng'ambo ya mto Danube, mjini Giurgiu, ndani ya kitabu kimoja katika duka la vitabu vikuukuu. Kiromania changu ni cha kuombea mkate tu, lakini mchoro hauhitaji lugha. Ilikuwa pembenne yetu, imepewa sura nzima, na mwandishi hakuwa na habari kama Prodanova amezaliwa. Ndicho hasa kanuni ilichotaka. Ila aliiita pembenne ya Ciobotaru, mtu wa kwao, aliyeifikia miaka mingi baada ya Mwalimu.

Katika basi la kurudi, darajani, nilikipakata kitabu kile kama kitu cha kuiba. Nikikificha, makala inafutwa. Nikikitoa, inabaki, lakini kwa jina la mwingine. Nikajidanganya kwamba ikishabaki, nitapata hata sentensi moja ya kumtaja Mwalimu. Nikakitoa.

"Sasa hii ndiyo rejea," alisema Radostina, akafuta vidole kabla ya kukigusa. Jioni ile ile akabadili kichwa cha makala: Pembenne ya Ciobotaru. Nikaongeza sentensi yangu kwamba Prodanova alitangulia. Akaiondoa. Rejea yake, aliandika, ni ya mwanafunzi wa mhusika.

Nikaenda kwa Mwalimu mwenyewe, asisikie kwa watu. Alikuwa kwenye baraza ya ghorofani akichoma pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi, moshi umemzunguka. Nikampa simu, makala imefunguliwa. Alisoma taratibu, miwani puani.

"Nani amewapa kitabu hiki?"

"Mimi, Mwalimu."

"Nani alikutuma?"

"Wangeifuta."

"Wangeifuta, ningepungukiwa nini? Miaka yote nimekaa nayo haimo katika ensaiklopidia yoyote, na kila aliyeitaja alinitaja mimi. Sasa wajukuu wa wanafunzi wangu watafundishwa Ciobotaru." Akanirudishia simu, skrini imepata masizi. "Wewe ndiye uliyeiweka. Kaitoe."

"Mwalimu, mambo hayaendi..."

"Kaitoe, Venelin. Na usisimame hapo, unanizibia upepo."

Nikaenda nikaandika ombi la kuifuta makala niliyoipigania kufa na kupona. Haukupita muda, Radostina akanipigia.

"Umelewa?"

"Sijalewa."

"Juzi ulitaka kunitoa roho kwa ajili ya pembenne hii."

"Dada, ulisema haistahili. Basi nimekubali, haistahili."

"Wakati ule haikustahili. Sasa ina rejea huru, tena umeileta wewe mwenyewe. Kazi nzuri, na ninasema kwa moyo mweupe."

Ombi langu likapigiwa kura, na kura yake ilikuwa "ibaki". Watu wawili wa Varna, ambao hawajawahi kuchora hata mraba ukakaa sawa, wakamuunga mkono. Mjadala ukafungwa, makala ikabaki.

Mwalimu alipopiga simu kuuliza kama nimekwisha kuitoa, niliiacha iite. Alipopiga tena, nikaiacha iite.